Prosesa Imezeeka, Gemu Inakwama: Maswali Ninayoulizwa Dukani Malindi

Duka langu lina milango miwili mjini Malindi. Mlango mmoja nakarabati kompyuta, wa pili kuna mashine nne ambazo vijana hulipia kucheza. Sijamaliza mahamri na mbaazi asubuhi, mtu keshaingia na kasha la kompyuta kwapani: "Fundi, nitilie i7," yaani prosesa ya Intel ya cheo cha juu. Nimeandika hapa maswali yanayorudi kila wiki pamoja na majibu ninayotoa, hata yale yanayonikosesha biashara.

Gemu inakwamakwama. Nibadilishe prosesa?

Bado. Kwanza tujue nani mzito. Prosesa ndiyo inayohesabu mambo ya mchezo: mpira utadunda wapi, wale wachezaji 22 wanakimbilia upande gani, gari limegonga nini. Ikishahesabu, inaikabidhi kadi ya picha kazi ya kuchora. Ukitaka fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu, na asiyemaliza kwa wakati ndiye anayekuchelewesha. Nenda pale kwa muuza viazi karai ukaangalie: mmoja anakaanga, mwenzake anapakua. Kama anayepakua ndiye mzito, hata ukileta mkaangaji hodari kutoka Mombasa, foleni itasimama palepale.

Na kama kompyuta yako haina kadi ya picha kabisa, inategemea ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, basi mjadala wa i7 uweke kando. Hiyo inataka kadi kwanza.

Nitajuaje ni prosesa au ni kadi?

Kipimo ninachokiamini hakihitaji fundi. Zima V-Sync (inayofunga idadi ya fremu kwa mwendo wa skrini) na kikomo chochote cha fremu kwenye setingi. Washa programu ya MSI Afterburner, ni ya bure, ikuonyeshe idadi ya fremu na kadi inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Simama sehemu yenye fujo nyingi kwenye gemu, andika namba. Kisha shusha rezolusheni (idadi ya nukta za picha) kutoka 1920×1080, ndiyo 1080p, hadi 1280×720, ndiyo 720p, bila kugusa kitu kingine, rudi palepale, andika tena. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, maana ndiyo uliyoipunguzia kazi. Zikibaki zilezile, mzigo uko upande wa prosesa.

Nimesema *upande* wa prosesa kwa sababu. Kijana mmoja wa mtaa wa Barani aliniletea kompyuta ya HP EliteDesk 800 G1 yenye prosesa ya i5-4570 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti. Anacheza GTA V, na akiendesha gari kwa kasi mjini picha inakatika. Tukapima: kwa 1080p fremu 47, kadi inafanya kazi asilimia 60 tu. Tukashusha hadi 720p: fremu 48. Akanitazama kwa ushindi, "Si nilikwambia, fundi?" Nikafungua kasha. RAM, kumbukumbu ya muda inayoilisha prosesa data, ilikuwa kijiti kimoja cha 8GB, na nafasi tatu ziko wazi. Nikatoa kijiti kingine kama hicho kwenye droo nikakitia nafasi inayolingana, ili RAM ifanye kazi kwa njia mbili badala ya moja. Palepale, barabara ileile: fremu 58. Prosesa yake haikuwa mbovu, ilikuwa inangoja data kupitia mlango mmoja. Akaondoka na kijiti, i7 ikabaki kabatini kwangu.

Tahadhari moja zaidi. Usidanganywe na Task Manager ya Windows ikikuambia prosesa inatumika asilimia 55. Huo ni wastani wa viini vyote, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu. Gemu nyingi huegemea kiini kimoja kuliko vingine, nacho kinaweza kuwa kimejaa hadi pomoni huku wenzake wamekaa.

Mwanzo inaenda vizuri, baada ya dakika kumi inazama. Prosesa imechoka?

Prosesa hazichoki hivyo. Hilo ni joto, na huku Pwani ndilo ninalokutana nalo kuliko mengine yote.

Mama mmoja anayekaa karibu na ufuo alileta mashine ya mwanawe na pesa tayari mkononi za kununulia i7. Nikafungua. Mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, yalikuwa yamevaa blanketi la vumbi na manyoya ya paka, na vidole vyangu vikanata kwa ule unyevu wa chumvi ulioshikana na vumbi. Pesti kati ya prosesa na hitisinki ilikuwa imekauka kama uji uliosahauliwa sufuriani. Niliikwangua kwa ukucha ikawa unga. Kabla sijagusa chochote nilikuwa nimepima joto likafika digrii 98, na prosesa nyingi za Intel zikikaribia digrii 100 zinajipunguza mwendo zenyewe zisiungue. Nikapiga brashi, nikafuta kwa spiriti, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Joto likabaki 72. Mwanawe alipocheza akauliza, "Umetia i7?" Nikamwambia nimepiga deki tu.

Kwa hivyo kila mwaka kabla ya joto la kaskazi, safisha. Kasha lisikae ndani ya kabati la TV lililofungwa, wala chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja, maana chumvi inakula shaba na pini polepole. Na zibeni matundu ya nyuma yasiyo na kifuniko. Nimeshatoa mijusi kafiri watatu ndani ya pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme), wote wamekufa kwa shoti, na mmoja alikufa na bodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa.

Nina i5. Bado inatosha?

i5 gani? i5 ni cheo, si jina. Soma namba inayofuata. i5-3470 ni kizazi cha 3, ya 2012. i5-4570 ni kizazi cha 4, ya 2013. i5-6500 ni kizazi cha 6, ya 2015. Zote zina viini 4 na nyuzi 4 (nyuzi ni foleni za kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), lakini umri wao si mmoja.

GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, prosesa iliyopendekezwa upande wa Intel ilikuwa hiyohiyo i5-3470, kwa hivyo mwenye yoyote kati ya hizi ataicheza. Gemu ya mpira ya FC 24 ilipofika, kiwango cha chini kilikuwa i5-6600K na RAM ya 8GB, na kilichopendekezwa ni i7-6700 na 12GB. Utaona mstari umesogea. Lipo jambo jingine ambalo halionekani kwenye GHz, ile namba ya mwendo: prosesa za Intel za kizazi cha 3 kurudi nyuma hazina maagizo yanayoitwa AVX2, yaliyoanza na kizazi cha 4. Gemu fulani mpya zikiyakosa hazifunguki kabisa. Hapo hata ukishusha setingi zote huambulii kitu.

Angalieni pia herufi ya mwisho. i5-4570 ina viini 4. i5-4570T, inayokaa kwenye zile kompyuta ndogo za kufungwa nyuma ya skrini, ina viini 2. Jina karibu moja, bei karibu moja, na muuzaji hatakuambia.

Nataka kubaki na bodi yangu. Prosesa ipi itaingia?

Hii inategemea soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi, na Intel wamebadilisha soketi mara nyingi. LGA 1155 ni ya kizazi cha 2 na cha 3. LGA 1150 ni ya kizazi cha 4. LGA 1151 ni ya kizazi cha 6 na cha 7, halafu wakatumia jina hilohilo kwa kizazi cha 8 na cha 9 lakini bodi zake hazipatani na zile za mwanzo. LGA 1200 ni kizazi cha 10 na 11, LGA 1700 ni cha 12 hadi 14.

Mimi mwenyewe nililipia ada ya somo hili. Mwaka wangu wa pili dukani niliagiza i7-3770 kwa bodi ya kizazi cha 4, kwa kuwa nilisoma "i7" nikaacha kusoma. Ikaja na basi la usiku, mteja amekaa kwenye kiti anasubiri, naiweka haikai. Nikaibonyeza kidogo. Kwenye soketi hizi za Intel pini ziko kwenye bodi, nyembamba kama nywele, na nilizilaza kumi na kitu kwa kidole kimoja. Nilimlipa bodi yake.

Mkiwa na soketi inayofaa, mlango wa busara ni mmoja: prosesa kubwa ya kizazi hichohicho, iliyotumika. i5-3470 kwenda i7-3770, zote wati 77. i5-4570 kwenda i7-4770, zote wati 84. i5-6500 kwenda i7-6700, zote wati 65. Kwa kuwa wati ni zilezile, feni na pawa saplai yako hazitalalamika. Unachopata ni nyuzi 8 badala ya 4 na mwendo kidogo wa ziada. Kwenye gemu za zamani utauliza pesa yako imeenda wapi. Kwenye gemu zinazotumia nyuzi nyingi, zile sekunde picha inaposhtuka zinapungua, na hilo mchezaji huliona kuliko wastani wa fremu.

Maoni yangu: ukiwa na Pentium au i3 ya viini 2, kama i3-4130, fanya, utaona tofauti siku hiyohiyo. Ukiwa na i5, fanya tu kama ulipima na i7 umeipata kwa bei ya chini. Nje ya hapo pesa hiyo iwekee kibubu.

Kwani i3 mpya inaweza kuishinda i7 ya zamani?

Inaishinda vizuri sana, na hapa ndipo wazee wa mtaa hubishana nami. i7-4770 ya 2013 ina viini 4 na nyuzi 8. i3-12100F ya 2022 ina viini 4 na nyuzi 8. Kwa karatasi ni ndugu, lakini kila kiini cha ile mpya kinamaliza kazi nyingi zaidi kwa sekunde ileile. Tatizo ni kwamba haiji peke yake. Inataka bodi ya LGA 1700, RAM ya DDR4 au DDR5 kulingana na bodi (ile DDR3 yako haiingii), na mara nyingi pawa saplai na kasha vipya. Na hiyo F maana yake haina grafiki ya ndani, bila kadi ya picha utabaki na skrini nyeusi.

Rafiki yangu Mombasa ana Ryzen, alibadilisha prosesa tu na bodi ileile. Vipi?

Ana soketi ya AM4, na nitawapa AMD, wenye kutengeneza Ryzen, haki yao hapa. Ryzen za kwanza ziliingia humo 2017, na bodi nyingi za wakati ule, zikisasishiwa BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta), hupokea Ryzen 5 5600 ya 2022, yenye viini 6 na nyuzi 12. Kuna hata Ryzen 7 5800X3D, ya 2022 pia, yenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya 96MB iliyopangwa kwa ajili ya gemu. Mwenye Ryzen 5 1600 anaweza kuruka miaka mitano bila kubadilisha bodi wala RAM. Mwenye Intel ya rika hilo hawezi.

Sharti langu ni moja. BIOS haisasishwi huku stima inachezacheza. Ikipotea katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa moja kwa moja. Mimi sigusi bila UPS, ile betri ya akiba, na wiki ya mvua za masika sigusi kabisa.

Kompyuta yangu ni ile ya ofisini, kasha jembamba. Itakubali kadi ya gemu?

Nyingi zinazofika huku kutoka ng'ambo ni hizo, OptiPlex na EliteDesk zilizomaliza kazi maofisini. Kwenye kasha jembamba pawa saplai ni ya wati 240 au 255 hivi, haina waya wa ziada wa kadi, na kadi ya urefu wa kawaida haisimami ndani. Tafuta kadi fupi isiyohitaji waya: GTX 1050 Ti au GTX 1650, kila moja ina toleo la wati 75 linalopata umeme kwenye bodi yenyewe. RX 6400 pia huingia, ila inatumia njia 4 tu za PCIe (mlango wa kadi kwenye bodi) na ilitengenezewa PCIe 4.0. Kwenye bodi ya zamani inapoteza nguvu, kwa hivyo isiwe chaguo la kwanza.

Kubadilisha pawa saplai kwenye mashine hizi si kazi ya jioni moja, kwa sababu nyingi zina plagi za kampuni zenyewe, si zile za kawaida. Ukifika hapo, hesabu gharama ya kasha kubwa kwanza.

Laptop je?

Karibu laptop zote za miaka hii prosesa yake imechomelewa kwenye bodi. Haibadilishwi. Na "laptop ya i7" isikupe kiburi: i7-7500U ina viini 2. Isafishe, iongezee RAM, basi.

SSD, diski isiyozunguka, itaongeza fremu?

Haitaongeza. Itafanya kompyuta iwake haraka, gemu ifunguke haraka, na kwenye gemu za ulimwengu mpana itapunguza ule mkwamo wa kungoja jengo lijitokeze. Bado ningeinunua kabla ya prosesa, maana kompyuta nyingi ninazoletewa zikiitwa nzito zina diski ya kuzunguka inayolia kama chura.

Skrini yangu ni ya 60Hz. Nihitaji fremu 100?

Skrini hiyo inaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kama unapata 60 na hazishuki, prosesa yako ni nzima kwako wewe. Mchezaji wa mashindano atasema fremu za ziada hufanya kipanya kijibu upesi, na ni kweli, lakini huyo hana skrini ya 60Hz.

Windows 10 imekwisha. Hiyo si sababu ya kubadilisha?

Hii ni sababu yenye uzito kuliko fremu. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka, upande wa Intel, kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache sana, na upande wa AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Wapo wanaoilazimisha kwenye mashine za kizazi cha 4 na ikawaka. Kisha anafungua Valorant, gemu ya risasi ya mtandaoni, ambayo kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inapowaka) ziwe zimewashwa, na inamfungia mlango. Anakuja kwangu kulalamika kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

Kama unacheza gemu za mtandaoni zenye ulinzi mkali, usitie hata shilingi kwenye i7 ya kizazi cha 4. Weka akiba ya mashine ya kizazi cha 8 au zaidi. Kama unacheza FIFA za zamani na GTA V nje ya mtandao, shauri lako, endelea kustarehe.

Naweza kuikimbiza prosesa zaidi ya mwendo wake?

Mashine za ofisini hazikuruhusu, na kwa joto la Machi hapa Malindi nisingekuruhusu mimi.

Nikiagiza prosesa iliyotumika Nairobi, niangalie nini?

Omba picha ya uso wa juu, namba isomeke yote hadi herufi ya mwisho. Ya Intel igeuze: chini kuwe na vidoa bapa vya dhahabu, visiwe na alama ya kuungua wala kona isiwe imemegeka. Ryzen ya AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, kwa hivyo zitazame kwa pembeni zikae safu kama meno ya chanuo. Ifungwe kwenye kikasha kigumu cha plastiki, isiviringishwe kwenye gazeti. Nimepokea moja imefungwa gazeti ndani ya mfuko wa mkate.

Na kubalianeni kabla ya kulipa kwamba isipowaka inarudi. Muuzaji anayekataa sharti hilo ana sababu yake.

Itakula tokeni za stima zaidi?

Kwa zile nilizotaja za wati sawa, tofauti ni ndogo. Mashine ikivuta wati 200 ukicheza, masaa matano ni yuniti moja. Kadi kubwa ndiyo itakayokufanya ugombane na mwenye nyumba, si prosesa.

Si ninunue PlayStation tu?

Kama ni mpira na marafiki sebuleni, nunua. Nimewaambia wateja hivyo na hawajarudi, ila wananipungia mkono wakipita na tuktuk. Kompyuta ina maana kama mtoto atafanyia pia kazi ya shule, au unatengeneza picha na video, au gemu zako haziko huko.

Prosesa ninayotoa, nitupe?

Usitupe. Irudishe kwenye kikasha ilichokuja nacho i7 yako, uniletee. Hapa kila mara kuna mtu wa Pentium anayetafuta i5, na kwake hiyo ni sikukuu. Nina kopo la zamani la Kimbo chini ya meza, limejaa vikasha vyenye majina ya wenyewe kwa kalamu ya wino. Mashine namba tatu, ile iliyo karibu na mlango ambayo vijana huigombania, inaendeshwa na i5 iliyotoka humo. Mwenyewe huja Ijumaa baada ya swala, hulipa kama wengine, na hucheza kwenye prosesa aliyoniuzia mwenyewe akisema imezeeka.